Jiwe la Juu ya Mlango

Saa mbili na nusu niliwapokea stendi ya Moshi,
wageni kumi na mmoja wa usharika, wametoka Dodoma,
kofia pana, chupa za maji, viatu vya harusini.
Nikawaambia, "Naitwa Aikande. Leo tutapanda."
Hakuna aliyeuliza kupanda nini.

Kwanza handaki.
Waliotuzaa walilichimba kwa vijembe na kucha
wakati wa vita, wakaingia na mbuzi wao,
na mbuzi wakafungwa midomo.
Mzee Chilongani, mpimaji ardhi mstaafu,
aliingia na futi ya chuma mkononi,
akatoka na udongo mabegani, akaandika daftarini:
Kimo, mita moja na robo. Waliinama.
Ndiyo, mzee. Waliinama.

Kisha mfongo, maji yakinong'ona chini ya migomba.
"Haya nayo ni magofu?" akauliza dada mmoja.
"Hapana. Haya bado yana kazi."

Saa sita, kanisa la kwanza.
Hapa kila Jumamosi moyo hunidunda,
maana ninachowaonyesha ni majani:
safu moja ya mawe, ukuta uliobaki magotini,
na mparachichi ulioota palipokuwa madhabahu.
Chilongani akazunguka mara mbili.
"Binti, tumelipa elfu thelathini na tano kila kichwa.
Kanisa liko wapi?"

Nikasema, "Nifuateni."
Hilo halikuwamo kwenye ratiba.

Kwa Mama Ndelilio jiwe la pembeni linashikilia mlango wa zizi;
ng'ombe amelilamba hata limekuwa laini kama sabuni.
Kwa kina Lyatuu matatu yamekuwa mafiga,
juu yake sungura wa mvuke, chini yake mtori,
na mwenye jiko hakuacha kukoroga, akasema tu,
"Karibuni, ila msiyasogeze, nitamwagikiwa."
Moja linaziba mfongo na kuzibuliwa kwa zamu.
Moja linanoa mapanga ya kitongoji kizima.

Hakuna aliyeiba. Mwaka ule paa lilipoanguka
wazee walikaa, wakanywa mbege, wakakubaliana:
nyumba ya Mungu haiwezi kulala bila kazi.
(Ndivyo nilivyosimuliwa. Yawezekana
walibeba kwanza, wakakubaliana baadaye.)

Chilongani akaacha kulalamika. Akapima.
Alipiga magoti kwenye samadi na suruali yake ya kitambaa,
akasoma alama za patasi kwa kidole,
kama mtu anayesoma barua iliyolowa.
Alasiri, kwenye ngazi za shule, akachora kanisa zima:
dirisha la kwa Lyatuu, nguzo ya kwa Ndelilio,
sakafu iliyotawanyika vihamba sita.
Wengine walikuwa wanakula ndizi, wanacheka.
Yeye jasho lilimtoka.

"Linaungana," akasema. "Linaungana lote.
Limepungua jiwe moja tu, la juu ya mlango.
Refu hivi, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Hujaliona, binti?"

Dereva akapiga honi. Kibo ilikuwa imevua wingu
na watu wote walielekea huko na simu zao.

"Mzee," nikamjibu, "kijiji ni kikubwa."
Akanitazama. Akakunja futi yake taratibu.
Mahali pa jiwe lile kwenye karatasi
aliacha peupe, hakuweka hata alama ya kuuliza.

Gari lilipotelea kwenye kona, nikapita njia ya nyuma.
Kihambani kwetu, katikati ya masale mawili,
amelala kaka yangu Elirehema, miaka sita,
na juu yake jiwe.
Baba alilikokota usiku, peke yake,
hakuitisha kikao, hakuomba ruhusa ya mtu.
Asubuhi mikono yake haikuweza kushika kikombe.

Nikang'oa magugu.
Nikalipima kwa mkono, mara ya kwanza maishani:
shubiri tano na vidole viwili.

Limekaa sawasawa.